Hati ya Bima Haitengenezi Breki

Korbesa ni kijiji cha wafugaji katika sehemu za Merti, Kaunti ya Isiolo, katika nchi inyweshwayo na mto Ewaso Nyiro. Wakazi wake wengi ni Waborana, na mali yao ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Kutoka hapo mpaka mji wa Isiolo ni safari ya zaidi ya kilomita 150, na sehemu kubwa ya njia ni udongo, mawe na mchanga. Wakati wa kiangazi vumbi hufunika kila kitu. Mvua ikinyesha, laga zilizokuwa kavu asubuhi hujaa maji jioni, na magari hulala ng'ambo yakingoja maji yapungue.

Mahali kama hapo gari si kitu cha fahari. Ndilo liletalo sukari, unga na dawa. Ndilo lipelekalo mgonjwa hospitali na mwanafunzi shuleni. Tena ndilo lichukualo mbuzi na ng'ombe kwenda sokoni Merti, Isiolo, na hata Nairobi. Lori moja likisimama, mwenye lori si peke yake apataye hasara. Duka hukosa bidhaa, na mfugaji aliyetaka kuuza wanyama wawili watatu ili alipe karo hana budi kungoja.

Lakini njia hiyo hula magari. Springi hukatika, nati hulegea, vumbi huingia katika breki, na mawe makali huchanja matairi. Vipuri viko mbali, na fundi hodari pia yuko mbali. Kwa hiyo watu wamejifunza kusaidiana na ubovu. Springi hufungwa kwa ukanda wa mpira, na gari lisilo na breki ya mkono huwekewa jiwe nyuma ya gurudumu. Kisha husemwa neno linalojulikana na kila dereva: "Tutatengeneza tukifika Isiolo." Neno hilo ndilo huanzisha mashauri mengi baina ya wenye magari na kampuni za bima.

HASARA TATU KATIKA AJALI MOJA

Na tuchukue mfano. Mfano huu si wa mtu fulani, bali ni wa mambo yawezayo kumpata kila mwenye gari.

Tuseme yupo mzee Korbesa mwenye lori moja. Amelipa bima yake, na hati imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Siku mbili kabla ya safari dereva wake anamwambia, "Mzee, breki inashuka mpaka chini kabla haijashika, na tairi la mbele limekwisha meno." Mzee anafikiri juu ya mbuzi waliokwisha kuahidiwa mnunuzi, kisha anajibu, "Nenda polepole, kijana wangu. Bima ipo." Lori linapakiwa, utingo anaondoa jiwe nyuma ya gurudumu, na safari inaanza.

Kwenye mteremko wa laga dereva anakanyaga breki, na lori halisimami. Linamgonga kijana mchungaji na kumvunja mguu. Linaua mbuzi 6 wa jirani. Kisha linajipiga kwenye ukingo wa laga na kuvunjika mbele.

Wiki kadhaa baadaye mzee yuko mjini mbele ya meza ya karani wa kampuni ya bima.

"Bwana karani," asema, "nimelipa fedha zenu zote. Sasa lipeni nanyi."

"Mzee wangu," ajibu karani kwa upole, "fedha zako tulizipokea. Lakini mkaguzi ameandika kwamba breki zilikuwa mbovu kabla ya ajali. Tazama mkataba wako, ukurasa wa tatu."

Mzee hakuusoma ukurasa wa tatu. Wachache huusoma. Yeye alidhani kwamba hati moja itajibu hasara zote tatu kwa neno moja. Kumbe sheria ya Kenya ina jibu lake kwa mguu wa mchungaji, lingine kwa mbuzi wa jirani, na lingine tena kwa lori lenyewe. Yafaa kila mwenye gari ayajue majibu hayo matatu kabla hajawasha injini.

MGUU WA MCHUNGAJI

Sheria ya bima ya magari kwa hasara za watu wengine, iliyo sura ya 405 ya sheria za Kenya, ilitungwa katika miaka ya 1940, na ingawa imerekebishwa mara kadhaa, msingi wake ni ule ule. Inakataza mtu kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine aliendeshe, pasipo bima ya kulipa fidia kwa mtu atakayeuawa au kuumizwa na gari hilo. Tanzania na Uganda nazo zina sheria zilazimishazo bima ya namna hii.

Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba kampuni zaweza kuandika masharti mengi katika mikataba yao, na kwamba mtu aliyegongwa njiani hakuyaona masharti hayo wala hakuyatia sahihi. Kwa hiyo kifungu cha 16 kinasema kwamba, hati ya bima ikiisha kutolewa, baadhi ya masharti hayana nguvu ya kumzuilia haki yake mtu aliyeumizwa. Kati ya masharti hayo ni yale yahusuyo umri au afya ya dereva, idadi ya watu waliomo garini, uzito wa mizigo, saa au mahali gari linapotumika. Na katika orodha hiyo hiyo imo hali ya gari lenyewe.

Maana yake ni hii: kampuni haiwezi kumwambia mchungaji aliyevunjika mguu, "Hatukulipi kwa sababu breki za lori zilikuwa mbovu." Mahakama ikiisha kumpa mchungaji hukumu juu ya mwenye lori, kampuni hupaswa kuilipa, ikiwa ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati uliowekwa na sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2006 kiasi ambacho bima ya lazima hupaswa kufikia ni shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, ziada ni juu ya mwenye gari.

Hapa wenye magari wengi hushangilia upesi kuliko inavyofaa, kwa kuwa hawasomi kifungu hicho mpaka mwisho. Mwisho wake husema kwamba kampuni iliyolipa fedha kwa sababu tu sheria iliilazimisha, ambazo kwa mkataba isingezilipa, yaweza kuzidai fedha hizo kwa mwenye bima. Mchungaji atapata haki yake kutoka kwa kampuni, kisha kampuni itabisha hodi Korbesa kwa yule mzee. Sheria imemkinga aliyegongwa. Haikukusudiwa kumkinga aliyepeleka gari bovu barabarani.

MBUZI WA JIRANI

Jibu la pili ni gumu zaidi, na kwa watu wa mifugo ndilo la kukumbukwa. Bima inayolazimishwa na sheria ni ya kifo na majeraha ya wanadamu. Haikutaja mali. Na mbuzi, ng'ombe au ngamia, hata akiwa ndiye tegemeo la nyumba nzima, mbele ya sheria hii ni mali.

Ni kweli kwamba mikataba mingi ya bima huahidi pia kulipa hasara ya mali ya watu wengine mpaka kiasi fulani. Lakini ahadi hiyo hutoka katika mkataba, si katika sheria. Na ile kinga ya kifungu cha 16 inahusu tu madeni ambayo sheria imelazimisha yawekewe bima. Kwa hiyo kampuni ikithibitisha kwamba mwenye lori alivunja sharti la kulitunza gari, yaweza kukataa kulipa mbuzi wale 6. Hapo jirani hatakuwa na mtu wa kumdai ila mzee mwenyewe, na mzee atalipa kutoka katika zizi lake.

Vile vile yafaa kutaja wale wapandao juu ya malori ya mifugo, wakishika vyuma huku mbuzi wakiwa chini yao. Kwa abiria, sheria inalazimisha bima pale tu gari linapochukua watu kwa nauli, au linapowachukua kwa sababu ya kazi waliyoajiriwa. Mtu aliyepewa lifti ya bure juu ya lori la mizigo huenda asiwe na kinga ya bima ya lazima hata kidogo. Na mwenye lori la mizigo atozaye nauli ameligeuza gari lake kuwa la matumizi mengine kuliko yale aliyoandikisha. Na matumizi ya gari hayamo katika orodha ya kifungu cha 16. Shilingi chache za nauli zaweza kuzaa deni la miaka mingi.

LORI LENYEWE

Jibu la tatu hutegemea mkataba peke yake. Ikiwa mzee alinunua bima ndogo, ile ya hasara za watu wengine tu, lori lake halilipwi hata kama lilikuwa jipya. Ikiwa alinunua bima kubwa, ile ya kulipa pia gari lake, basi neno la kwanza litakalotazamwa ni sharti liandikwalo karibu katika kila mkataba: kwamba mwenye gari atafanya yote yanayopasa kulikinga gari na hasara na kulitunza katika hali njema, na kwamba kampuni ina ruhusa ya kulikagua wakati wowote.

Aghalabu mkataba huongeza kwamba kampuni hailipi uchakavu, wala kuharibika kwa mitambo kwenyewe. Breki iliyokwisha kwa kutumika ni gharama ya mwenye gari. Bima hulipa ajali. Haikuwekwa ili ilipe kazi ya fundi iliyoahirishwa.

GARI ZIMA NI LIPI?

Sasa huulizwa swali: gari lifaalo kwenda barabarani ni gari la namna gani? Sheria ya Barabara ya Kenya, sura ya 403, katika kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, pamoja na taa na matairi, viwe vimetunzwa hata kuliendesha gari hilo kusiwe hatari kwa watumiao njia wala kwa waliomo ndani yake. Haikusema gari liwe jipya, wala rangi yake ing'ae. Lori la miaka 20 lililotunzwa laweza kuwa zima, na gari la miaka 3 lililopuuzwa laweza kuwa bovu.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake husomwa na mawakili na majaji wa Afrika ya Mashariki ingawa haziwafungi, zimelichambua swali hili mara nyingi. Katika miaka ya 1930 ilikuja kesi ya Barrett na kampuni moja ya London. Gari lilipata ajali na breki ya mguu ikakutwa imekatika; kampuni ikasema gari halikufaa barabarani. Jaji Goddard alilinganisha jambo hilo na bima ya vyombo vya baharini. Watu wa pwani wataelewa upesi: nahodha hupaswa kung'oa nanga akiwa na jahazi zima. Chombo kikivunjika baadaye kwa dhoruba, hiyo ndiyo hatari iliyowekewa bima. Lakini kikitoka bandarini tayari kinavuja, lawama ni ya mwenyewe. Jaji akaona kwamba kampuni haikuthibitisha kuwa breki ilikuwa mbovu tangu gari lilipoondoka. Huenda ilikatika wakati ule ule wa ajali. Kampuni ikashindwa.

Karibu na miaka hiyo hiyo kesi nyingine ya namna hii, ya Trickett, ilifika London kwa rufani kutoka ng'ambo. Gari liliendeshwa usiku na taa zake hazikuwaka, na dereva akafa katika ajali. Mkataba ulisema kwamba kampuni hailipi gari likiendeshwa katika hali ya hatari. Ikaamuliwa kwamba, kwa maneno ya mkataba ule, haikuwa lazima kuthibitisha kama dereva aliujua ubovu wenyewe. Basi asomaye mkataba na atazame maneno yake vizuri. Kusema "kujitahidi kulitunza gari" kunampa nafasi mtu mwangalifu aliyepatwa na ubovu uliojificha; kusema "hatulipi gari likiwa katika hali ya hatari" kunaibana nafasi hiyo.

Mwaka 1963 ilihukumiwa kesi ya Clarke, ambayo yafaa isomwe na kila mwenye lori na kila mwenye matatu. Gari lake lilikuwa Ford Anglia, gari dogo la watu 4, nalo lilikuwa halina kasoro ya mitambo. Lakini siku ya ajali lilikuwa limebeba watu 9. Mahakama ya Rufani ikasema kwamba mzigo kupita kiasi waweza kulifanya gari zima kuwa gari lisilofaa barabarani, kwa kuwa usukani na breki havifanyi kazi tena kama ilivyokusudiwa. Kampuni ikashinda. Na mwaka 1966, katika kesi ya Conn, mwenye teksi aliyekuwa na matairi mawili ya mbele yaliyokwisha meno alishindwa kwa sababu hakujitahidi kulitunza gari inavyopasa. Tairi lililokwisha ni ubovu ambao kila mwenye macho huuona.

NANI ATHIBITISHE?

Si haki kudhani kwamba kampuni ya bima ikisema tu "gari lilikuwa bovu" shauri limekwisha. Kanuni ya ushahidi ni kwamba mwenye kudai jambo ndiye alithibitishe. Kampuni itakayo kukimbilia sharti la ubovu, ni juu yake kuonyesha kwamba ubovu ulikuwapo, na kwamba ulikuwapo kabla ya ajali. Kila gari lililojipiga ukingoni hukutwa na taa zilizovunjika na mabomba ya breki yaliyokatika. Lakini je, yalikatika lini? Ndiyo maana ripoti ya mkaguzi hutenga kasoro zilizokuwapo kabla ya ajali na zile zilizoletwa na ajali. Sehemu hiyo fupi ya ripoti ndiyo huamua mashauri mengi, na mwenye gari ana haki ya kuisoma na kuibishia kwa ushahidi wa fundi wake.

Tena kuna swali la haki. Je, kampuni ikatae kulipa kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa imevunjika, hali ajali ilitokea mchana na gari liligongwa kwa mbele? Kwa sheria ya zamani ya Kiingereza kampuni iliweza kujitetea kwa sharti lililovunjwa hata kama kuvunjwa kwake hakukuleta ajali. Uingereza yenyewe iliona ugumu huo, na kwa sheria ya bima ya mwaka 2015 ikaamuru kwamba kampuni isitegemee sharti kama hilo ikiwa kuvunjwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Ni mfano wa kufikiriwa na watunga sheria popote. Kampuni ambayo haikulitazama gari hata mara moja wakati wa kupokea fedha, kisha ikaja na taa ya kurunzi kutafuta kasoro baada ya ajali, haijengi imani ya watu.

Lakini upande wa pili nao una neno. Fedha za bima ni mfuko wa watu wengi. Mwenye kutunza gari lake akilipishwa hasara za asiyelitunza, ada hupanda kwa wote, na mwangalifu hubeba mzigo wa mvivu. Sharti la kulitunza gari, likitumiwa kwa haki, humlinda mwenye bima pia.

CHETI CHA UKAGUZI

Wengine husema, "Gari langu lilikaguliwa na Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, nina cheti." Mamlaka hiyo, ijulikanayo kwa herufi NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na ukaguzi ni sehemu ya kazi zake. Cheti ni ushahidi mwema, na magari ya abiria na ya biashara hayapaswi kwenda bila hicho. Lakini cheti husema jinsi gari lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Lori lililokaguliwa miezi sita iliyopita, likaenda na kurudi mara nyingi katika mawe ya Merti, si lori lile lile. Kwa mtu wa Korbesa, ambaye ukaguzi humlazimu safari ndefu, ni rahisi kuiona karatasi hiyo kama kinga ya mwaka mzima. Si hivyo. Kituo cha ukaguzi kiko mbali, lakini macho ya dereva yapo kila asubuhi.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, mwenye gari na alitazame kabla ya kila safari: breki, matairi, usukani, taa, nati za magurudumu, na springi. Kazi hiyo haifiki robo saa. Dereva asemapo kwamba breki inashuka, neno lake lisichukuliwe kuwa uvivu. Kumwambia "nenda polepole" ni kukiri kwamba ubovu ulijulikana.

Pili, na awe na daftari. Aandike tarehe, umbali uliokwendwa, kilichotengenezwa na fundi gani, na aambatishe stakabadhi za vipuri. Siku hizi hata picha ya tairi iliyopigwa kwa simu hubeba tarehe yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mbele ya mahakama neno hilo ni kweli mara mbili. Mtu awezaye kuonyesha kwamba alibadilisha breki mwezi uliopita ana silaha. Mtu asemaye tu "gari langu lilikuwa zima" ana maneno.

Tatu, aseme kweli katika fomu ya kuomba bima. Umri wa gari, matumizi yake, na ajali zilizopita, vyote viandikwe kama vilivyo. Uongo katika fomu ni hatari kuliko breki mbovu, maana kampuni yaweza kwenda mahakamani kuomba mkataba wote utenguliwe, na hapo hata mtu aliyeumizwa aweza kukosa kulipwa na kampuni.

Nne, ajali ikitokea, polisi waarifiwe na kampuni iarifiwe bila kukawia. Gari lisitengenezwe wala kufunguliwa kabla ya kukaguliwa, kwa sababu fundi afunguaye breki mapema huondoa ushahidi ambao pengine ungemwokoa mwenye gari.

Tano, aliyegongwa naye ana kazi. Achukue namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Apate taarifa ya polisi ya ajali na fomu ya P3 iliyojazwa na daktari. Na asikae nyumbani akingoja huruma. Dai la majeraha kwa kawaida hupaswa kufunguliwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita, na kampuni ipewe taarifa ya kesi mapema. Mtu akiambiwa, "Hulipwi kwa sababu gari lililokugonga lilikuwa bovu," ajue kwamba kwa majeraha ya mwili hilo si jibu la sheria.

Na mwenye bima akiona amekataliwa bila haki, yaweza kumfaa kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo ilianza kazi kama shirika linalojitegemea mwaka 2007, kabla ya kutumia fedha nyingi katika kesi. Mwishoni mlango wa mahakama uko wazi kwa wote wawili.

JIWE NYUMA YA GURUDUMU

Turudi kwa mzee wa mfano wetu. Bei ya kutengeneza breki na kununua tairi moja ingemuuma, hapana shaka. Pengine ingemgharimu mbuzi kadhaa na kumchelewesha siku mbili. Sasa hesabu yake ni nyingine: mbuzi 6 wa jirani, lori lililovunjika, na barua ya kampuni ikidai fedha alizolipwa mchungaji. Na juu ya hayo yote kuna mguu wa kijana, ambaye pengine hatakimbia tena nyuma ya kundi kama zamani. Fidia yaweza kununua dawa na mifugo. Haiwezi kununua mguu.

Alfajiri ikifika Korbesa, malori yatapakiwa tena, na utingo atainama kuondoa jiwe nyuma ya gurudumu. Hapo ndipo mwenye gari anapaswa kujiuliza kwa nini jiwe liliwekwa. Ikiwa liliwekwa kwa sababu breki haishiki, basi na lirudishwe mahali pake, na safari ingoje mpaka fundi aje. Mnunuzi wa mbuzi atanung'unika, lakini manung'uniko yake yatakwisha kwa siku mbili. Hati ya bima itamtafutia fidia aliyegongwa, lakini haitasimamisha lori kwenye mteremko wa laga.